Kila Jedwali na Mwenyewe: Niliyojifunza Nikijenga Bekendi ya Mizani ya Korosho

Novemba ya msimu wangu wa pili katika kazi hii ya kujenga bekendi, yaani programu ya nyuma ya pazia inayotunza mizigo na malipo ya wakulima wa korosho, mzee mmoja alitoka kijijini kwao huko juu Newala, mkoani Mtwara, akalipa nauli hadi benki, akamwonyesha karani wa dirishani ujumbe kwenye simu yake: malipo yako ya korosho yametumwa. Akaunti ilikuwa tupu. Siku ile walifika benki wakulima zaidi ya hamsini wenye ujumbe kama huo. Wote walirudi kwa katibu wa chama chao cha msingi, na katibu akanipigia mimi. "Bwana mdogo," akasema, "mimi sina la kuwaambia. Njoo uwaambie mwenyewe."

Nilikwenda, nikaomba radhi mbele ya watu waliokaa chini ya mkorosho wakinitazama tu bila kunijibu. Kisha nikarudi Mtwara mjini kutafuta kilichotokea. Programu yangu ilikuwa ikipita kwa mkulima mmoja mmoja: inaandika malipo, inatuma SMS, inaandika makato, inakwenda kwa anayefuata. Karibu na mwisho wa orodha ikakutana na mtu mwenye kilo hasi, kosa la uandishi la huko ghalani, ikakwama. Yote yalikuwa ndani ya muamala mmoja, yaani fungu la maandishi linaloingia lote au lisiingie kabisa, kwa hiyo hifadhidata ikafanya kazi yake: ikafuta kila kilichoandikwa tangu mwanzo wa orodha. Malipo yakafutika. SMS iliyokwisha kwenda haifutiki.

Kosa lenyewe nililirekebisha kwa mistari michache. Lakini nilijiuliza: kwa nini programu ya malipo inajua kutuma SMS? Kwa nini inachota kilo moja kwa moja kwenye jedwali la ghala? Na nani aliliruhusu ghala kuandika kilo hasi? Hapo nikaona ubovu uko kwenye umbo la nyumba nzima. Vijana wanaonipigia siku hizi kutaka ushauri huanza na lugha: nitumie Python, PHP au JavaScript? Mimi huwarudisha kwenye swali jingine. Nitajie majedwali yako yote, halafu uniambie kila moja ni la nani.

Mahali pa kukata

Kwa asiyekulia Kusini, korosho inapita hivi. Mkulima anauleta mzigo wake AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika. Karani wa mizani anapima, anaangalia daraja, anaandika stakabadhi. Mizigo ya wakulima wengi inakusanywa na kupelekwa ghala kuu, ambako inapimwa tena. Mnada unafanyika, bei inasomwa, wakulima wanaikubali au wanaikataa. Mnunuzi akilipa, makato yanatolewa, kinachobaki kinaingia akaunti ya mkulima. Korosho imekuwa ikiuzwa kwa stakabadhi ghalani tangu msimu wa 2007/2008, na mtoto yeyote wa Tandahimba anaweza kukueleza hatua hizo pengine vizuri kuliko mimi.

Toleo langu la kwanza halikuwa na hata moja ya hatua hizo. Nilikuwa nimepanga vitu kwa aina yake ya kikompyuta: faili moja la majedwali yote, folda ya kurasa, na folda nyingine niliyoiita "huduma", ambamo kila kisicho na kwao kilitupwa. Jedwali la wakulima lilikuwa na safu, yaani kolamu, ya salio, na sehemu nne za programu zilikuwa na ruhusa ya kuliongeza na kulipunguza. Salio likikosewa, kumtafuta mkosaji kulinichukua siku mbili.

Mwaka 1972 mtaalamu wa kompyuta David Parnas alitoa hoja ambayo mimi binafsi sijaona ya kuipita: usiigawe programu kwa kufuata hatua za kazi tu, tafuta maamuzi yanayoelekea kubadilika, kisha kila uamuzi uufiche ndani ya moduli yake, yaani kipande cha programu chenye mipaka yake. Nilichukua karatasi, nikaketi kibarazani Mikindani, nikaandika kila kilichowahi kubadilika tangu nianze kazi na nani alikibadilisha. Karani wa mizani alikuwa na mambo yake, mtunza ghala yake, mhasibu yake. Kwa sehemu kubwa mistari ya mabadiliko ilifuata hatua zile zile za korosho, lakini vitu viwili vilinishangaza. Makato hayakuwa hatua ya mtu yeyote, yalikuwa yamejificha ndani ya malipo, na ndiyo yaliyobadilika mara nyingi kuliko vyote. SMS nazo zilikuwa zimetapakaa kila mahali. Nikatoka na moduli saba: wanachama, mapokezi, ghala, mnada, makato, malipo, ujumbe.

Mgao huo ulikuja kupimwa bila mimi kupanga. Msimu wa 2024/2025 minada ya korosho ilihamia kwenye mfumo wa mtandao wa TMX, Soko la Bidhaa Tanzania. Kabla ya hapo moduli yangu ya mnada ilipokea bei kutoka kwenye fomu anayojaza katibu baada ya sanduku la zabuni kufunguliwa. Niliandika upya sehemu ya kuingiza matokeo, na kazi ikaishia humo. Malipo yaliendelea kuuliza swali lile lile, loti hii imeuzwa shilingi ngapi kwa kilo, wala hayakujua kama jibu limetoka kwenye sanduku au kwenye skrini.

Mwenye jedwali ni mmoja

Kanuni ninayoishikilia kuliko zote ni hii: jedwali moja linaandikwa na moduli moja. Malipo yakitaka kubadilisha chochote kwenye stakabadhi, yanaiomba moduli ya mapokezi kupitia fanksheni yake, yaani amri ambayo moduli hiyo imeiweka wazi ili wengine waiite. Mapokezi yanaweza kukataa.

Ukiiandika kanuni hii kwenye karatasi na kuibandika ukutani, itavunjwa wiki ya tatu, na mvunjaji wa kwanza utakuwa wewe, saa nne usiku, mhasibu akiwa kwenye simu. Kwa hiyo niliikabidhi hifadhidata. PostgreSQL, programu ya hifadhidata ninayoitumia, inakuwezesha kuweka skima nyingi, yaani mafungu ya majedwali, ndani ya hifadhidata moja, nami nimeipa kila moduli skima yake. Kila moduli inafanya kazi kwa jina lake la mtumiaji, lenye ruhusa ya kuandika kwenye skima yake peke yake. Nikijaribu njia ya mkato, hifadhidata inanijibu kwamba sina ruhusa. Mara ya kwanza iliponikataza nilikasirika, halafu nikacheka.

Kusoma nimekulegeza zaidi. Ripoti za mwisho wa msimu zinahitaji kuunganisha karibu kila kitu, na kuzipitisha kwenye fanksheni za moduli saba ni kujitesa. Kila moduli inatoa mwoneko mmoja au miwili, maana yake swali lililohifadhiwa ambalo linasomwa kama jedwali, na ripoti zinasoma humo tu. Nikibadilisha majedwali ya ndani, ninachotakiwa kulinda ni umbo la mwoneko.

Palipo pagumu ni mishale, yaani moduli ipi inaijua na kuiita ipi. Malipo yanaijua mnada, mnada inalijua ghala, ghala linayajua mapokezi, na wote wanawajua wanachama. Mishale yote inaelekea upande mmoja, na nilijivunia hilo mpaka katibu alipokuja na ombi la kawaida kabisa: karani asiweze kurekebisha stakabadhi iliyokwisha kulipwa. Njia rahisi ilikuwa mapokezi yaulize malipo, "hii imelipwa?" Hapo mshale unarudi nyuma, moduli mbili zinajuana, na baada ya miezi sita huwezi kugusa moja bila nyingine. Nililala na jambo hilo. Asubuhi nikaona kwamba mapokezi hayana haja ya kujua neno "kulipwa". Yanahitaji kujua "kufungwa" tu. Stakabadhi ikapata safu ya kufungwa, mali ya mapokezi, na malipo yakawa yanaita fanksheni ya kufunga. Mshale haukugeuka. Baadaye mkaguzi alitaka kufunga stakabadhi za mzigo wenye ugomvi ambao haujalipwa bado, na sikuandika mstari hata mmoja mpya.

Kama mshale wako unarudi nyuma, jaribu hilo kwanza. Mara nyingi moduli ya chini inatafuta jibu lenye jina jingine, jina la kwake.

Jaribio la seva tano

Rafiki yangu aliyeko Dar aliniambia napoteza muda, dunia imehamia kwenye huduma ndogondogo, kila moduli iwe programu yake na hifadhidata yake. Nilimsikiliza, kwa sababu anajua kazi. Nikakata mfumo vipande vitano na kuviweka kwenye kompyuta moja ofisini Chikongola, maana pesa ya seva tano sikuwa nayo.

Umeme ukakatika. Uliporudi, vipande vitatu viliamka na viwili havikuamka. Makarani walipokea korosho mchana kutwa, na ghala halikupata habari ya hata gunia moja. Kuoanisha kilichoandikwa huku na kisichoandikwa kule kulinichukua wikiendi nzima na ream ya karatasi. Kwenye hifadhidata moja, kufunga stakabadhi na kuandika malipo ni muamala mmoja: vyote vinaingia au vyote havikuingia. Ukizitenganisha hifadhidata, hakikisho hilo unalitengeneza kwa mikono yako, na ni kazi ya watu wengi. Ofisi yangu ina watu wawili na nusu, nusu ni mdogo wangu anayekuja baada ya chuo. Nilirudisha kila kitu kwenye programu moja yenye moduli ndani yake. Kwa ofisi ya ukubwa wetu sioni sababu ya kufanya vingine, na rafiki yangu wa Dar bado tunabishana.

Daftari la nakala kaboni

Lile safu la salio nililiua, na aliyenifundisha namna ya kuliua ni karani mmoja mwenye umri wa baba yangu. Daftari lake la stakabadhi lina nakala kaboni. Akikosea hafuti. Anapiga mstari mmoja juu ya kosa ili lisomeke, anaandika mpya chini yake, anaweka sahihi. Nilimuuliza kwa nini hatumii kifutio. "Mwanangu," akaniambia, "siku nikianza kufuta ndiyo siku nitaitwa mwizi."

Moduli ya malipo sasa ni leja. Mstari ukiingia haubadilishwi wala haufutwi, na mtumiaji wa hifadhidata wa moduli hiyo hana ruhusa ya kufanya hivyo kwenye jedwali hilo. Kosa linasahihishwa kwa mstari mwingine wenye kiasi kinyume chake na sababu yake. Salio ni jumla ya mistari. Watu huniuliza kama hilo halichelewi. Mkulima mmoja ana mistari mingapi kwa msimu, thelathini? Hifadhidata inaijumlisha hiyo kabla hujapepesa jicho.

Makato nayo yalinifunza kuhusu wakati. Mwanzoni nilikuwa na jedwali la mipangilio lenye mstari mmoja kwa kila kato. Kiwango kimoja kilipobadilishwa katikati ya msimu, mhasibu alibadilisha namba kwenye skrini, na kuanzia dakika ile kila hati ya Oktoba iliyochapishwa upya ilionyesha kiwango cha Desemba. Mkulima ana karatasi mbili za mzigo mmoja zenye pesa tofauti: jaribu kumweleza hiyo. Sasa kila kiwango kina tarehe ya kuanza na ya kuisha, hifadhidata inakataa vipindi viwili vya kato moja kuingiliana, na malipo yanapoandikwa yananakili kiwango kilichotumika ndani ya mstari wake mwenyewe. Walionifundisha shuleni wangesema narudia data. Narudia kwa makusudi. Kiwango cha leo na kiwango kilichotumika siku ile ni mambo mawili, hata kama namba zinafanana.

Acha hifadhidata iwe kali

Nilikuwa naweka masharti yote kwenye fomu za kurasa. Kilo hasi iliyowapeleka watu benki bure haikupita kwenye fomu yoyote, iliingia kupitia faili la Excel nililolipakia mwenyewe. Sasa kilo lazima izidi sifuri kwenye jedwali lenyewe, stakabadhi haiwezi kuwepo bila mwanachama, na namba ya mwanachama haijirudii ndani ya AMCOS moja. Nasema ndani ya AMCOS moja kwa sababu kila chama kinahesabu kuanzia moja, na mimi niliwahi kudhani namba hizo ni za mkoa mzima.

Namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, ilinipa somo langu la bei kali kuliko yote. Ina tarakimu 20, na nilipotengeneza safu ya namba kubwa kabisa ya kawaida kwenye PostgreSQL, ilikataa: kikomo chake ni tarakimu 19. Nikaona ni usumbufu mdogo, nikaigeuza safu kuwa ya maandishi, nikapakia orodha ya wanachama iliyotoka kwa katibu. Baada ya wiki mbili mdogo wangu akaniuliza kwa nini wanachama wote wa kata ile wana namba zinazoishia na sifuri tano. Excel inashika tarakimu 15 tu za namba, zinazozidi inazigeuza sifuri, kimya kimya. Katibu alikuwa amezichapa zote kwa usahihi kutoka kwenye vitambulisho. Tulianza upya, kijiji kwa kijiji. Kitambulisho, namba ya simu na namba ya akaunti ni maandishi hata kama vyote ni tarakimu, kwani nani aliwahi kujumlisha namba za simu? Wala usiifanye NIDA kuwa ufunguo mkuu wa jedwali la wanachama, yaani safu ambayo kila mstari lazima utambuliwe nayo. Wapo waliokuja kupima korosho bila kuwa nayo, na mzigo hausubiri.

Saa ilinichekesha baada ya kuniliza. Makarani waliandika wenyewe muda wa kupokea mzigo, na ripoti ikaonyesha kijiji kimoja kinapima korosho saa nane usiku. Mwenyekiti wa bodi alikuwa tayari ameshaanza kuulizia kuhusu kangomba, ule ununuzi wa korosho usio halali. Kumbe karani aliandika 2:00 kwa maana ya saa mbili asubuhi, kama anavyosema kila mtu huku, na mashine ikaisoma kama saa mbili baada ya usiku wa manane. Siku hizi muda unaandikwa na seva, unatunzwa kwa saa ya dunia, na unaonyeshwa kwa kuongeza saa tatu. Karani haulizwi saa.

Mengine kwa haraka. Pesa na kilo viwe namba za desimali zinazotunzwa kwa usahihi, kamwe visiwe zile namba za kukadiria ambazo 0.1 na 0.2 zikijumlishwa zinatoa 0.30000000000000004. PostgreSQL haitengenezi yenyewe faharasa, ile orodha ya kutafutia haraka, kwenye safu ya ufunguo wa kigeni, yaani safu inayoelekeza kwenye jedwali jingine, itengeneze wewe. Badiliko lolote la jedwali liwe faili lenye namba ndani ya msimbo, lisiwe amri uliyoichapa usiku kwenye seva ukasahau. Na kishikwambi cha karani kikikosa mtandao kitatuma stakabadhi ile ile mara tatu, kwa hiyo kitengeneze namba ya kipekee hapo hapo kwenye mizani, na hifadhidata ikatae inayojirudia.

SMS za wale wazee ziko hivi leo. Malipo hayajui simu ni nini. Yanapoandika mstari wa leja yanaiomba moduli ya ujumbe iandike mstari kwenye jedwali lake la barua za kutumwa, ndani ya muamala ule ule. Muamala ukifutwa, na barua imefutika. Programu ndogo pembeni inaamka kila baada ya sekunde kadhaa, inachukua barua zilizokwisha thibitika, inazituma, inaweka alama. Ikifa baada ya kutuma na kabla ya kuweka alama, mkulima atapata SMS mbili. Hilo nimelikubali. Mbili zenye ukweli hazimpandishi mtu gari bure.

Mwezi uliopita chama kimoja upande wa Lindi kimetaka kuutumia mfumo kwa ufuta. Nilidhani ni kazi ya siku moja. Mapokezi yalikubali, ghala likakubali, mnada haikuona tofauti. Kilichokataa ni sharti dogo nililoliweka mwenyewe kwa majivuno miaka mitatu iliyopita, kwamba msimu ulio wazi ni mmoja tu kwa wakati, na malipo ya masahihisho ya korosho yalikuwa hayajafungwa wakati ufuta unaanza kupimwa. Sharti sasa linasema msimu mmoja kwa kila zao. Katibu wao anauliza kama mbaazi nazo zitawezekana, nami nimemwomba anitumie kwanza picha ya daftari lao.